Jinsi ya kusafiri kwa ndege na gitaa la besi likafika zima

GITAA la besi lina urefu wa karibu mita 1.2, na hapo ndipo matatizo ya mwanamuziki anayesafiri kwa ndege yanapoanzia. Mashirika mengi humruhusu abiria kuingia na mzigo wa mkononi wenye urefu usiozidi sentimita 55 au 56, kipimo ambacho hakifikii hata nusu ya gitaa hilo. Likikabidhiwa kaunta ili lipelekwe kwenye tumbo la ndege, kipimo cha kawaida cha mzigo ni sentimita 158 kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, ilhali besi ikiwa ndani ya kasha gumu hufikia sentimita 170 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, ala hii haina mahali pake rasmi katika ndege. Husafiri kwa idhini, nayo idhini haifai kuombwa siku ya safari mbele ya foleni ya watu waliokwisha kukasirika.

Tunalizungumzia gitaa la besi kwa kuwa ndilo lenye usumbufu mkubwa zaidi, lakini mengi ya yafuatayo yanamhusu pia mwenye gitaa la kawaida, fidla, udi wa taarabu au nyatiti.

Kabla ya kulipia tikiti, mwenye ala ajue kwamba ana njia tatu: kuingia nayo ndani, kuinunulia kiti chake, au kuikabidhi pamoja na masanduku. Njia ya pili ndiyo salama kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote. Hutumiwa sana na wapigaji wa selo. Lynn Harrell, mpigaji selo mashuhuri wa Marekani, alikuwa akilinunulia selo lake tikiti na kulikusanyia pointi za zawadi kama abiria mwingine yeyote, hadi shirika la Delta lilipomwondoa katika mpango huo mwaka 2012. Tikiti ya ala aghalabu hainunuliwi kwenye intaneti. Sharti abiria apige simu au afike ofisini, apewe kiti cha dirishani ili ala isimzuie mtu kutoka, na afungiwe mkanda wa kuishikilia.

Nchini Marekani jambo hili liliwekewa sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015. Mashirika ya huko yanapaswa kumruhusu abiria kuingia na ala ndogo bila ya ada ya ziada, mradi ienee katika kabati la juu ya viti au chini ya kiti na nafasi iwepo wakati wa kupanda. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Anayepanda wa mwisho hukuta makabati yamejaa mabegi na makoti ya watu, na sheria haimwamuru mtu yeyote kuyaondoa. Kwa hiyo pesa chache za kulipia haki ya kupanda mapema zina faida kuliko mabishano ya mlangoni.

Kanuni hizo zinayafunga mashirika ya Marekani tu. Abiria anayeondoka Nairobi kwa shirika lisilo la Marekani hutegemea masharti ya usafirishaji ya shirika hilo, nayo masharti yameandikwa na shirika lenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Yasome. Ukipewa ruhusa kwa simu, omba uandikiwe kwa baruapepe na uichapishe, maana mhudumu wa kaunta hakuwepo ulipozungumza na mwenzake. Uliza pia ni ndege ya aina gani itakayokubeba katika kila hatua ya safari. Kabati la Boeing 787 si kabati la ndege ndogo ya mapanga, na ndege ndogo zinazotoka Uwanja wa Wilson kwenda mbugani huwa na kikomo cha kilo 15 kwa kila abiria, tena kwa mikoba laini isiyo na fremu. Kasha gumu huko ni balaa tupu, na mwenye gitaa hana budi kupanga mapema na mwenye ndege.

Tuseme basi gitaa litakwenda chini pamoja na masanduku. Wengi hudhani adui wake ni baridi ya angani. Adui mkubwa ni kuanguka: kutoka kwenye mkanda wa mizigo, kutoka kwenye kigari, au kutoka mikononi mwa kibarua mwenye haraka. Gitaa linapoangushwa chali ndani ya kasha, kiwiliwili hukoma ghafla lakini kichwa, ambacho katika besi hubeba vigingi vizito vya chuma, huendelea na mwendo. Shingo huvunjika pale inapokutana na kichwa, na mara nyingi kasha halionyeshi hata mkwaruzo. Magitaa yenye kichwa kilichoinama kwa nyuma huumia zaidi kuliko yale ambayo kichwa chake kimenyooka sambamba na shingo.

Dawa yake ni kuondoa nafasi. Jaza nguo au sponji chini ya kichwa, juu yake na kandokando, kisha uitegemeze shingo kwa urefu wake wote. Funga kasha na ulitikise. Ukisikia kitu kikicheza, fungua uanze tena. Mfuko laini, hata uwe mnene kiasi gani, ni wa kupandia matatu, si wa kukabidhiwa kaunta. Nyuzi nne za besi zilizokazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, hivyo zilegeze kidogo, sauti moja au mbili chini ya kawaida. Usizilegeze kabisa: ndani ya shingo mna chuma kinachovuta upande wa pili, na nyuzi zikiacha kazi yake, chuma hicho huipinda shingo kinyumenyume. Wako wanaofungua skrubu nne zinazoshika shingo na kulisafirisha gitaa kwa vipande viwili sandukuni. Ni njia nzuri kwa safari chache; ikizoewa, matundu ya skrubu hulika.

Baridi nayo isipuuzwe. Ufikapo mji wa baridi kali, acha kasha limefungwa kwa saa kadhaa chumbani kabla ya kulifungua, kwani rangi ya vanishi hupasuka joto linapobadilika ghafla. Ngozi ya nyatiti au ya ngoma iliyowambwa katika ukavu wa Nairobi italegea katika unyevu wa Mombasa. Huo si uharibifu. Ni wa kurekebishwa tu.

Kasha litafunguliwa na wakaguzi, hasa kwenye safari za Marekani, na huwa mwenyewe hayupo. Februari 2020, Ballaké Sissoko wa Mali aliwasili Paris kutoka New York akaikuta kora yake, ala ya nyuzi 21 yenye kibuyu, imevunjwavunjwa, na ndani ya kasha mna karatasi ya ukaguzi ya idara ya usalama wa usafiri ya Marekani. Idara hiyo ilikana kuifungua. Nani aliyeivunja ni mjadala, lakini funzo kwa mwenye ala isiyojulikana ughaibuni liko wazi: weka juu kabisa, mahali pa kuonekana mara kasha linapofunguliwa, karatasi yenye picha ya ala ikiwa nzima, maelezo mafupi ya Kiingereza ya namna ya kuitoa na kuirudisha, na nambari ya simu.

Ala zetu za kienyeji zina hatari nyingine, ambayo mpigaji wa gitaa la dukani haijui. Desemba 2013, maafisa wa forodha wa New York waliharibu filimbi za matete za mwanamuziki Boujemaa Razgui wakizihesabu kuwa mimea mibichi iliyokatazwa. Ngozi za wanyama nazo hushukiwa tangu mtengenezaji ngoma wa New York alipougua kimeta mwaka 2006 baada ya kushughulikia ngozi za mbuzi kutoka Afrika Magharibi. Australia humtaka kila msafiri aandikishe ala yoyote ya mti au ngozi anapoingia. Kuandikisha hakumaanishi kunyang'anywa, kuficha ndiko kunakoleta faini.

Orutu aghalabu huwambwa kwa ngozi ya kenge, naye kenge yumo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwenye orutu ya namna hiyo aende kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuulizia kibali kabla ya kukata tikiti. Magitaa ya zamani yaliyotiwa vipande vya pembe za ndovu, au yaliyotengenezwa kwa mti wa Dalbergia nigra wa Brazil, yamo katika orodha kali zaidi. Kwa miti mingine ya jamii hiyo, ukiwamo mpingo, ala zilizokamilika ziliondolewa masharti ya vibali Novemba 2019.

Betri za akiba za lithiamu ziende mkononi, kamwe zisiende kwenye tumbo la ndege. Bisibisi na koleo ndizo ziende chini.

Ukifika, fungua kasha hapohapo ukumbini, kabla ya kupita forodha. Machi 2008, Dave Carroll wa Canada alisafiri na shirika la United kutoka Halifax hadi Omaha kupitia Chicago, ambako abiria mwenzake aliona magitaa yakirushwa. Gitaa lake la Taylor lilivunjika na ukarabati ukagharimu dola 1,200 za Marekani. Shirika lilikataa kulipa likisema hakulalamika katika muda wa saa 24. Wimbo aliotunga kuhusu mkasa huo ulitolewa Julai 2009 na ukatazamwa na mamilioni ya watu, lakini si kila mtu ana kipaji cha kuudai mkono wake kwa wimbo.

Kwa safari za kimataifa, kinga iliyopo ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Mkataba huo humpa abiria siku saba tangu alipopokea mzigo kulalamikia uharibifu kwa maandishi, na miaka miwili ya kwenda mahakamani. Fidia ina kikomo: tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kizio cha Shirika la Fedha Duniani, yaani takriban dola 2,000. Besi nzuri yaweza kuzidi thamani hiyo. Anayetaka kikomo kipandishwe atoe tamko maalumu la thamani anapokabidhi mzigo na alipe ada atakayotajiwa. Hilo halifanyiki baada ya kuvunjika.

Kaunta huenda wakakupa kibandiko utie sahihi kwamba shirika halitawajibika. Kifungu cha 26 cha mkataba hubatilisha sharti lolote linaloliondolea shirika wajibu wake. Hata hivyo, kifungu cha 17 hulinusuru shirika pale hasara inapotokana na kasoro ya mzigo wenyewe, na hoja ya kwanza ya wanasheria wake itakuwa kwamba hukufunga vizuri. Ndiyo maana picha za kasha likiwa wazi, zilizopigwa asubuhi ya safari, zikiambatanishwa na risiti ya ununuzi na nambari ya gitaa, zina nguvu kuliko barua ndefu. Risiti hiyo itakufaa pia unaporudi nyumbani, afisa wa forodha anapouliza ulilinunua wapi.