Herrnhut: Kijiji Kilichowazika Watu Wake Sawasawa

Kanisa la Moravian lina mizizi Bohemia tangu 1457, lakini Wamoravian wa Rungwe na Tabora wanafuata uzi unaopita Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani. Palianza kama kambi ya wakimbizi. Tarehe 17 Juni 1722, seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza katika ardhi ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Waprotestanti waliokuwa wakiteswa Moravia wakapata pa kujificha. Hawakupatana upesi: waligombania mafundisho hadi tarehe 13 Agosti 1727, waliposhiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la kijiji jirani cha Berthelsdorf.

Mgeni anayetafuta minara na sanamu za dhahabu hatazipata. Jumba la ibada limepakwa rangi nyeupe ndani, mabenchi nayo meupe. Mhudumu huketi nyuma ya meza ya kawaida. Jumba hilo liliteketea Mei 1945, vita vikiisha, likajengwa upya kufikia 1953.

Lakini imani ya watu hawa inasomeka vizuri zaidi makaburini, kwenye mteremko wa kilima cha Hutberg. Mawe yamelazwa chini kati ya safu za miti, yote ya umbo moja, tajiri na fukara. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mtu huzikwa kwa zamu ya kufa kwake, si kwa ukoo. Ukoo wa Zinzendorf tu ndio uliojengewa makaburi makubwa katikati, na mimi naona hapo usawa ulipinda.

Mwaka 1731 Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, alifika kijijini akasimulia mateso ya wenzake mashambani. Mwaka uliofuata Leonhard Dober na David Nitschmann wa Herrnhut waliondoka kwenda huko kama wamisionari. Njia hiyohiyo ya umisheni iliwafikisha Theodor Meyer na wenzake Rungwe mwaka 1891.

Julai 2024 Unesco iliiweka Herrnhut kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, zikiungana na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia 2015. Hakuna makazi yoyote ya Wamoravian wa Afrika kwenye orodha hiyo, ilhali Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi zote hizo nne. Rungwe ilistahili kufikiriwa.