Mshauri Anayeweza Kukataa

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimejengwa chini ya milima ya Uluguru, mjini Morogoro, na katika milima hiyohiyo wataalamu wa kilimo wa Tanganyika ya kikoloni walikataliwa waziwazi na wakulima. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo waligoma kuendelea kuchimba matuta ya ngazi waliyoamriwa na serikali, ghasia zikazuka, askari wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango mzima wa matuta uliachwa. Miaka kumi baadaye chuo cha kilimo kilifunguliwa Morogoro. Mwaka 1970 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo, katika mkoa huohuo wa Morogoro. Leo taasisi za namna hii hupenda kusema kwamba sera zao zinatokana na mashauriano kati ya wataalamu na wakulima. Nakubali kwamba ndivyo inavyopasa. Lakini historia ya Morogoro na majirani zake inadai jambo kubwa zaidi ya mkutano wenye viti vya wakulima: ushauri wa mkulima umeleta faida pale tu mkulima alipokuwa na uwezo wa kukataa, na kukataa kwake kukabadilisha mpango.

Tuanze na matuta yenyewe, kwa kuwa kisa chake husimuliwa kana kwamba kilikuwa siasa tupu. Ni kweli chama cha TANU kilichozaliwa Julai 1954 kilinufaika na hasira ile. Ni kweli pia kwamba mmomonyoko ulikuwapo: miteremko ya Uluguru ni mikali, mvua zake ni nyingi, na mito inayoteremka humo huingia Ruvu, ambao hadi leo unainywesha Dar es Salaam. Wataalamu hawakubuni tatizo. Walichokosea ni suluhisho na namna ya kulileta. Udongo wenye rutuba katika miteremko mingi ya Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi pana, unaufukia udongo mzuri na kuuibua ule wa chini usiootesha kitu. Wakulima waliona mavuno yakipungua kwenye matuta mapya, wakasema, na kazi ya lazima ikaendelea. Tena kulikuwa na suala la ardhi ambalo bwana shamba hakulipa uzito. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama; aliyelima ardhi ya ukoo mwingine alilipa ngoto kwa wenye nayo. Mtu wa namna hiyo angechimba tuta la kudumu kwa jasho lake katika ardhi ambayo si yake. Waluguru, kwa kukataa, walikuwa wanatoa ushauri wa kitaalamu kuhusu udongo na kuhusu umiliki, kwa njia pekee waliyoachiwa.

Mtu anaweza kujibu kwamba wataalamu wa wakati ule hawakuwa na mahali pa kujifunza maarifa ya wenyeji. Mahali palikuwapo. Mwaka 1938 ofisa wa kikoloni aitwaye A. H. Pike alichapisha makala kuhusu hifadhi ya udongo miongoni mwa Wamatengo, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alieleza kilimo cha ngoro katika milima ya Mbinga. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana hadi zinafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Mlima mzima hugeuka mashimo yaliyozungukwa na kingo. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kukimbia, nyasi huoza na kuwa mbolea chini ya maharage, kisha mahindi hufuata. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikwenda Mbinga kuichunguza ngoro kwa vipimo vya kisasa na kuona uwezo wake wa kuhifadhi udongo kwenye miteremko mikali. Kwa hiyo tangu 1938 serikali ilikuwa na maandishi yaliyoonyesha kwamba wakulima wa milimani Tanganyika wanajua kulinda udongo, na bado miaka ya 1950 ilipeleka Uluguru amri. Kuyajua maarifa ya mkulima hakukutosha. Hayakuwa na mtu wa kuyabeba mahali maamuzi yalipofanyika.

Mpango wa karanga wa Kongwa ni ushahidi mwingine, nao ni wa gharama. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulitumia wiki tisa kukagua na kupendekeza mashamba ya karanga ya ekari milioni 3.21. Wagogo walioishi na ukame wa Kongwa vizazi na vizazi, na waliotegemea mifugo kwa sababu hiyo, hawakuwa na nafasi ya kuuzuia mpango huo. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika, mvua ikagoma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36.

Uhuru haukumaliza tabia hiyo mara moja, na ni haki kusema hivyo ingawa waliotoa maelekezo safari hii walikuwa viongozi wetu. Azimio la Iringa la 1972, Siasa ni Kilimo, lilijaa kanuni nzuri za kilimo bora, lakini lilishuka kutoka chamani kwenda kijijini. Operesheni Vijiji ya miaka iliyofuata ilihamisha watu kutoka mashamba waliyoyajua. Kitivo cha Morogoro kilikuwa kinafundisha mabwana shamba na mabibi shamba wa kupeleka ujumbe huo, na kwa kadiri mfumo ulivyokuwa, ujumbe ulisafiri upande mmoja.

Mabadiliko ninayoyathamini zaidi yalikuja mwaka 1993. Kwa msaada wa mradi wa Chuo cha Sokoine wa kuimarisha mawasiliano miongoni mwa wakulima, wakulima 22 kutoka mikoa kadhaa, Morogoro ukiwamo, walianzisha Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA. Kaulimbiu yao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Chuo hakikuunda kamati yake ya kupewa ushauri. Kilisaidia kuzaliwa kwa chombo ambacho baadaye hakikukimiliki. Hilo ni tendo la nadra kwa taasisi ya wasomi, na nadhani ndilo mchango wake mkubwa kwa sera ya kilimo nchini, kuliko waraka wowote.

Tazama wakulima walishughulika na nini walipopata sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 MVIWATA ilisukuma ujenzi wa masoko ya vijijini: Kibaigwa, soko la nafaka; Nyandira, soko la mboga huko Mgeta; na Tawa, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Kibaigwa iko wilaya ya Kongwa, palepale karanga ziliposhindwa. Tawa iko upande uleule wa milima uliokataa matuta. Kwa miongo mingi wataalamu waliwaambia watu wa maeneo hayo namna ya kulima. Wakulima walipojisemea, walitaka mahali pa kuuzia, mizani inayoaminika na habari za bei, kwa sababu walikuwa wanapunjwa na walanguzi wanaofuata mazao shambani. Kibaigwa imekuwa miongoni mwa masoko makubwa ya nafaka nchini. Hakuna mtaalamu wa udongo ambaye angeweza kuutoa ushauri huo kutokana na udongo.

Kuna pingamizi zito dhidi ya haya, na halipaswi kupuuzwa. Mkulima haoni virusi. Kuanzia miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, Harold Storey na wenzake walizalisha mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato kwa kuuchanganya muhogo na jamii nyingine ya mmea huo, kazi iliyokuja kuwanufaisha wazalishaji wa mbegu wa Nigeria na Afrika nzima. Hakuna mkutano wa kijiji ambao ungeibua njia hiyo. Nakubali kabisa. Maabara ina kazi yake na inahitaji uhuru wake, hata dhidi ya wakulima. Lakini chuo hichohicho cha Morogoro kimejifunza mpaka wa uhuru huo kupitia maharage. Mbegu ikizaa sana shambani na bado rangi yake haipendwi sokoni, au ikachelewa kuiva jikoni na kumaliza kuni, mama mwenye chungu huiacha. Rangi, ladha na muda wa kupika ni vipimo vya kisayansi sawa na uzito wa mavuno, na anayevijua si mtafiti.

Wengine watasema kwamba mkulima mwenye haki ya kukataa atakataa kila kitu kigumu, na udongo utaendelea kuteremka Ruvu. Uluguru yenyewe imejibu. Mwishoni mwa muongo wa 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo mradi ambao wakulima walilipwa na watumiaji wa maji wa bondeni ili wahifadhi miteremko. Wakachimba makinga maji ya fanya juu na hata matuta ya ngazi, aina ileile ya kazi iliyozua ghasia za 1955. Tofauti ilikuwa katika masharti: aliyechimba aliingia kwa hiari, na aliyenufaika chini ya mlima alichangia gharama.

Linabaki swali la nani anaitwa mkulima. Katika ngoro mwanamke ndiye mwenye jembe, na katika ukoo wa Kiluguru ardhi hupita kwake, lakini mikutano ya ushauri huzoea kumwita mwenye pikipiki na simu, mwenye ekari nyingi na muda wa kusafiri hadi mjini. Chuo kikimchagua kwa urahisi huo, kitapata mtu wa kukubaliana naye. Wajumbe wateuliwe na vikundi vyao wenyewe, wanawake wenye kulima wakiwamo, na wapewe haki ya kurudisha pendekezo la utafiti kabla fedha hazijatengwa, kwa sababu zilizoandikwa ambazo watafiti watalazimika kuzijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, katika mkutano unaofanyika kijijini.