Baba wa Mtoto ni Nani?



Wafugaji wetu wa Msangeni hawahitaji kuelezwa maana ya uhimilishaji. Mbegu za madume bora hutoka kituo cha Taifa kilichopo Usa River, Arusha, na dume aliyezitoa hutambulishwa kwenye mrija wenyewe. Ndama hatauliza baba yake ni nani, lakini kumbukumbu ipo. Juma hili tutazame jinsi njia hiyo ilivyoingia katika ndoa za wanadamu.

Mwaka 1884, mjini Philadelphia, Marekani, Profesa William Pancoast aliwahudumia mume na mke waliokosa mtoto. Mke ndiye aliyechunguzwa kwanza. Kasoro ikaonekana kwa mume. Ndipo mke akalazwa kwa dawa ya usingizi, akawekewa mbegu za mwanafunzi mmoja wa udaktari. Mume alielezwa baadaye. Mke hakuelezwa kamwe. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1909.

Tangu hapo njia zimeongezeka. Moja huweka mbegu kwenye mlango wa kizazi. Nyingine huzisafisha maabara, kisha huzipitisha kwa mrija mwembamba hadi ndani ya kizazi. Ya tatu hukutanisha yai na mbegu nje ya mwili. Njia hii ilileta mtoto wake wa kwanza Kampala mwaka 2004. Njia zatofautiana, lakini mbegu zikiwa za mtu mwingine, swali la mtoto ni lile lile.

Papa Pius XII mwaka 1949, na hati Donum Vitae ya mwaka 1987, walifundisha kwamba mtu wa tatu asiingizwe kati ya mume na mke. Hata sheria za nchi zilikuja kukisikia kilio cha mtoto: Uswidi mwaka 1985 na Uingereza mwaka 2005 zilifungua mlango wa kumjua mtoaji mbegu.

Basi tujifunze ukweli na huruma. Mke asiyezaa asisengenywe. Mume naye akubali kupimwa. Wasiojaliwa mtoto wasihesabiwe kuwa nusu ya familia, maana yatima wanangoja wazazi. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa, kwa njia yoyote ile, asibebeshwe aibu: yeye ni sura ya Mungu.

Mungu awabariki.