Saa ya Mzamiaji na Vita vya Pete ya Mpira

Leo tuache kompyuta kidogo tuangalie mashine isiyo na betri wala programu: saa ya mzamiaji, ile ya springi na magurudumu ya meno. Wengi hudhani siri yake ni chuma kinene. La hasha! Siri ni vipete vya mpira vinavyozuia maji.

Tuanze mwaka 1927. Mwogeleaji Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliingia katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex Oyster shingoni. Baada ya zaidi ya saa 10 baridi ilimshinda, lakini saa ilitoka ikienda. Kifundo chake cha kutilia ufunguo kilikazwa kama kifuniko cha chupa.

Lakini kuogelea si kuzama. Jean-Jacques Fiechter, mkuu wa kampuni ya Blancpain, alikuwa mzamiaji. Siku moja chini ya bahari, kusini mwa Ufaransa, alipoteza hesabu ya muda, hewa ikamwishia, akaponea chupuchupu. Mwaka 1953 alitoa saa ya Fifty Fathoms, yaani pima hamsini (kama mita 91). Ilikuwa na pete ya nje ya kuhesabia dakika, na kifundo chenye mipira miwili: mmoja ukishindwa, wa pili upo. Aliona pia kuwa mpira wa kifuniko cha nyuma hujikunja kinapokazwa, akautengea mfereji wake.

Kisha wakaja wazamiaji wanaoishi siku kadhaa ndani ya vyumba vya shinikizo wakivuta hewa iliyochanganywa na heliamu. Gesi hii hupenya mpira. Mzamiaji anaporudi juu, gesi iliyonaswa ndani hufyatua kioo. Mwaka 1967 Rolex waliweka vali ya kuitoa. Mwaka 1968 mzamiaji mmoja wa Kure, Japani, aliwaandikia Seiko kuwa saa zao hazihimili kazi hiyo. Walihangaika miaka 7, na mwaka 1975 wakatoa saa ya mita 600 ambayo mpira wake, wenye umbo la L, uliizuia heliamu isiingie.

Sasa, wewe mwenye saa kama hiyo. Chuma hudumu, mpira huzeeka. Ile "200m" iliyochongwa nyuma hutegemea mpira ulio hai. Kwa hivyo:

- Ukitoka baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi.
- Kaza kifundo kabla ya kuingia majini, na usikiguse ukiwa humo.
- Kila mwaka, fundi aipime kwa shinikizo.
- Kila miaka 5 hivi aifungue yote, aisafishe, atie mafuta mapya na abadilishe mipira.

Fundi akikwambia mipira ya zamani "bado iko sawa", mwombe aibadilishe tu. Fiechter alijua dakika chache chini ya maji zina thamani gani.

Je, yako ilifunguliwa lini mara ya mwisho?