Kinachonakiliwa: Utete wa Siyu, Kalamu ya Torino na Tanuri la Ufipa

Mvua ya Januari ilipenya bati la chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Mpui, Ufipa, ikadondokea sanduku la marehemu mjomba usiku kucha. Asubuhi nilikuta madaftari yake yamevimba. Yale aliyoyaandika kwa bikipeni yalisomeka bado, maana bikipeni huchimba karatasi, na hata pale wino ulipopauka kidole kiliweza kufuata mfereji wa herufi. Daftari moja lilikuwa tofauti. Hilo aliliandika Jumapili baada ya ibada, polepole, kwa kalamu yake ya Kiitalia: tarehe ya mvua ya kwanza ya kila mwaka, magunia ya mahindi na ulezi, majina ya watu aliowapa mbegu. Kurasa zake zilibaki na mawingu ya buluu tu. Kalamu ile haitaki kukandamizwa, kwa hiyo hata mfereji haikuacha.

Kalamu yenyewe ilikuwa kwenye mfuko wa ngozi, kavu. Niliivutia wino, ikaandika tangu herufi ya kwanza kana kwamba mjomba ameiweka jana.

Ni Aurora 88, nyeusi, kifuniko cha rangi ya dhahabu. Kiwanda cha Aurora kilianzishwa Torino mwaka 1919, na 88 ilitoka mwaka 1947 kwa mchoro wa Marcello Nizzoli, msanii yuleyule aliyechora taipureta ya Olivetti iitwayo Lettera 22. Nibu yake ya dhahabu imefichwa shingoni mwa kalamu, ncha tu inachungulia kama kichwa cha kobe. Ukizungusha kitako, pistoni inashuka. Ukizungusha kinyume, inapanda na wino unaingia. Mjomba aliipata Iringa, alikofundisha ujanani, kutoka kwa padre wa Kiitalia aliyekuwa anarejea kwao. Wamisionari wa Konsolata, shirika lililozaliwa Torino, waliingia Iringa mwaka huohuo wa 1919. Mji mmoja ulitoa kalamu na mapadre, na vyote viwili vikafika Nyanda za Juu Kusini.

Wanaokusanya kalamu za Kiitalia huvutwa kwanza na mwili wake. Montegrappa ya Bassano del Grappa, iliyoanza mwaka 1912, na Omas ya Bologna, aliyoianzisha Armando Simoni mwaka 1925, zilijipatia jina kwa seluloidi. Seluloidi ni pamba iliyotiwa asidi kisha ikachanganywa na kafuri. Vipande vyake huachwa vitulie kwa miezi mingi kabla ya kupelekwa kwenye kerezo, la sivyo kalamu itajikunja baadaye mkononi mwa mnunuzi. Fungua kifuniko cha kalamu ya seluloidi ya miaka 70 iliyopita, utasikia kafuri bado. Visconti ya Florence, iliyozaliwa mwaka 1988, imekwenda mbali zaidi: kalamu yake ya Homo Sapiens imetengenezwa kwa mawe ya volkano ya mlima Etna yaliyochanganywa na rezini. Kwenye ncha ya nibu ya dhahabu huchomelewa punje ya metali ngumu sana, kwa kuwa dhahabu peke yake ingelika kwa kusuguana na karatasi. Kila kitu hapa kimepangwa ili chombo kimzidi umri mwenye nacho.

Wino ndio unaolipa gharama. Mfereji ulio chini ya nibu ni mwembamba kama unywele, na wino wenye chembechembe ungeuziba. Ndiyo maana wino wa kawaida wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyuka ndani ya maji, na mwingi hauna kinga: maji yakirudi, huondoka nao. Mjomba alitumia wino unaoilinda kalamu. Mvua ikachukua kilichobaki.

Pwani mambo yalipangwa kinyume. Neno lenyewe kalamu, lililotufikia kwa Kiarabu, asili yake ni utete, na Waitalia wanalo pia: chombo cha wino wanakiita calamaio, cha utete uleule. Kalamu yenyewe wao huiita penna, yaani unyoya. Sisi tumebaki na yote mawili, kalamu na peni, tukiyatumia bila kukumbuka kwamba moja lilikatwa mtoni na jingine likang'olewa bawani mwa ndege.

Mwandishi wa Siyu au Lamu alichagua utete uliokauka vizuri, akauchonga ncha mshazari kwa kisu kikali, akaipasua katikati ufa wa kupitishia wino. Upana wa ncha ndio uliokuwa upana wa herufi, hakuna aliyemkatia. Ncha ilipochoka aliikata upya, na kalamu ikafupika hadi vidole vikakosa pa kushika, ikatupwa. Kwa wino wa masizi na gundi ya mti hapakuwa na mfereji wa kuziba. Chembe ndizo zilizotakiwa, kwa sababu masizi hayapaukishwi na jua wala miaka. Misahafu ya Siyu ya karne ya 18 na 19, yenye weusi, wekundu na manjano, bado inasomeka leo ilhali tete zilizoiandika zilikatwa zikaisha. Na karatasi zake zilitoka Ulaya, zikiwemo za Italia. Kwa karne kadhaa watengeneza karatasi wa kaskazini mwa Italia waliuza katika nchi za Kiislamu karatasi yenye alama ya miezi mitatu, unayoiona ukiinua ukurasa kwenye mwanga. Kwa hiyo Mwitalia alikwisha kukaa meza moja na mwandishi wa Kiswahili zamani, kabla kalamu za Torino hazijakuwapo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema uongo mzuri: kwamba pwani walilinda maneno na Waitalia wakalinda chombo. Wino wa masizi nao ukiloweshwa, gundi yake huyeyuka, na watu wa pwani walilijua hilo hata wakalitumia. Mtoto wa chuo cha Kurani aliandika ubaoni, akahifadhi, ubao ukaoshwa kwa somo la kesho. Kombe huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, aya zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Huko kufutika ndiko kunakokamilisha maandishi. Mtu anayejua kuandika kwa wino wa kudumu na kwa wino wa kunywewa anajua jambo ambalo mjomba, kwa heshima yote niliyo nayo kwake, hakulijua: wino huchaguliwa kwa kazi yake.

Na kilichoyafikisha maandishi ya pwani kwetu zaidi ya wino ni mkono ulionakili. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Tunausoma kwa kuwa watu waliokuja baadaye walikaa chini wakauandika tena. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki karibu na mwaka 1945, alikuwa mchonga mbao na mwandishi, na alinakili tenzi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens. Mtu aliyezoea patasi hakuogopa kukata utete. Ninamheshimu kuliko mkusanyaji yeyote wa kalamu.

Hapa Ufipa hatukuwa na utete wa kuandikia. Tulikuwa na chuma. Kwenye uwanda huu bado yamesimama baadhi ya malungu, matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivuo. Kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili kwenye tanuri dogo, kintengwe, hilo likiwa na mivuo, ndipo kikafuliwa jembe. Ilungu lilipambwa kama bibi harusi kabla ya kuwashwa, na mafundi walishika miiko. Jembe lake liliingia kwenye udongo mwekundu, likalika msimu baada ya msimu, likarudi kwa mhunzi kufuliwa tena, mpaka likaisha kabisa.

Tazama basi kilichosalia. Jembe limeliwa na ardhi, kama ilivyotakiwa. Tanuri limebaki, tupu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majembe ya dukani yalishusha bei ya jasho la mhunzi, na wazee waliojua kuliwasha ilungu wakazikwa na ujuzi wao. Nikipita barabara ya kwenda Laela huwafikiria, na huifikiria pia Omas, iliyofungwa mwanzoni mwa mwaka 2016. Kalamu zake zimo kwenye makasha ya wakusanyaji, zinang'aa, nyingine na pembe zake kumi na mbili. Mikono iliyozikereza imetawanyika. Kalamu isiyoandikiwa ndani ya kasha naiona kama ilungu lisilo na moto, na wanaozifunga kwa miaka wakidhani wanazihifadhi nadhani wanakosea.

Mwezi Machi niliidondosha Aurora kwenye sakafu ya saruji. Ilitua kwa ncha. Mguu mmoja wa nibu ulipanda juu ya mwenzake, na kalamu ikawa inakwaruza na kutema matone. Nilikwenda nayo Sumbawanga, kwa fundi saa anayekaa barazani na meza isiyozidi upana wa sinia. Hakuwa amewahi kuona nibu ya dhahabu. Aliiweka lenzi jichoni, akaitazama muda mrefu bila kusema, akaniuliza jambo moja tu: inaandika kwa kuvuta au kwa kusukuma? Nikamwonyesha mkono wangu hewani. Hakuchukua koleo. Alikata ukanda mwembamba wa shaba, akaupitisha kwenye ufa wa nibu mara tatu, kisha akaukandamiza ule mguu kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo, akatazama, kidogo tena. Aliniambia dhahabu ina aibu, ukiilazimisha inakasirika. Nilipoandika jina langu kwenye pakiti yake ya sigara wino ulishuka bila kukatika, mnene kidogo kuliko zamani kwenye mistari inayoteremka. Mwandiko ule haukuwa wa mjomba tena. Kijana anayejifunza kwake alikuwa ameinama kutazama muda wote, akasema nyingine ikija atajaribu yeye.

Tangu hapo naitumia kila siku. Nimejifunza kuijaza pomoni kabla ya kupanda kutoka Kasanga, kwa sababu kutoka ziwani hadi huku juu unapanda mamia ya mita, na hewa iliyo ndani ya kalamu nusu tupu hutanuka ikasukuma wino hadi mfukoni mwa shati. Nimebadilisha wino pia. Kuna wino mweusi wenye chembe ndogo sana zisizoondoka kwa maji, na sharti lake ni kuiosha kalamu mara kwa mara. Kazi inaongezeka. Naikubali.

Na jioni nazunguka na daftari jipya. Nakwenda kwa wale ninaowakumbuka kwenye orodha iliyofutika, nauliza mvua ya kwanza iliingia lini mwaka ule wa mavuno makubwa, nani alipewa mbegu, ngapi. Wiki iliyopita bibi mmoja jirani alinishika mkono kabla sijaandika. "Mwanangu, usiweke deni," aliniambia. "Mjomba wako nilimrudishia debe mbili za maharage, na alicheka akasema nimezidisha. Andika na hilo la kucheka." Nimeandika.