Vidaka vya Pate: Hakika na Majazi katika Al-Inkishafi

Hakuna utungo wa pwani ulioitwa shahidi mara nyingi kuliko Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Uliandikwa takriban mwanzoni mwa karne ya 19, na kila atakaye kueleza utajiri wa Pate na kuanguka kwake huuendea: majumba yaliyowaka taa, vidaka vilivyopambwa vyombo vya Kichina, kisha makinda ya ndege yakilala humo humo vidakani na ng'ende wakilia kumbini. Mwanahistoria huyapokea haya kama orodha ya mali ya marehemu. Mpenzi wa mashairi humjibu kwamba Sayyid alikuwa akiuasa moyo wake, wala hakuwa karani wa mirathi. Nyumba ile ni mwili, na ndege wale ni mauti.

Ugomvi huu una uzito wake. Akishinda wa kwanza, utenzi hugeuka daftari. Akishinda wa pili, watu wa Pate hufutwa katika maombolezo yao wenyewe.

Wanaomuunga mkono wa pili wana hoja nzito. Kuuliza wako wapi wafalme waliopita ni desturi kongwe ya washairi wa Kiarabu. Adi bin Zayd wa al-Hira aliuliza hivyo katika karne ya 6, na Abu al-Atahiya wa Baghdad akauliza tena katika mashairi yake ya zuhudi. Kulia mbele ya mahame ndiko kulikokuwa kufungua kasida tangu zama za kabla ya Uislamu. Sharifu msomi kama Sayyid Abdallah hakukosa kuyajua hayo. Lakini desturi humpa mtunzi swali tu. Jibu hulitafuta nyumbani kwake. Mbedui aliyalilia majivu ya mekoni na alama za mahema. Sayyid hakuazima hema wala majivu. Alitia kidaka, kile kishimo cha ukutani kilichochongwa katika chokaa, ambacho hadi leo hutambulisha nyumba za kale za Lamu na Pate. Akataja mitaa ya mji wake, akawataja jamaa zake kwa majina. Na udongo wa Pate umemsadiki: vigae vya vyombo vya Kichina vimeokotwa humo kwa wingi.

Hata hivyo hakika ina mipaka yake. Anaposema kwamba taa za majumba yale ziliufanya usiku kama mchana, taa ni taa, ila mchana si mchana. Neno lenyewe la kufananisha limesimama mlangoni kama bawabu, likimwonya apitaye. Wala haifai kudai, kama walivyodhani baadhi ya wasomaji, kwamba Pate ilikuwa gofu tupu siku zile. Ilikuwa imedhoofika kwa fitina za kugombea utawala, na vita vya Shela, takriban mwaka 1812 au 1813, viliivunja nguvu ilipokuwa imeshirikiana na Wamazrui wa Mombasa dhidi ya Lamu. Lakini Wanabahani waliendelea kuketi pale kwa miongo kadhaa, hata Ahmad, aliyeitwa Simba, akahamia Witu katikati ya karne ile. Ng'ende, basi, walilia jirani na nyumba zenye watu, na huenda hilo ndilo lililokuwa chungu zaidi.

Wanazuoni wa balagha walikwisha kuweka mizani ya jambo hili. Majazi, wanasema, huhitaji karina, yaani dalili inayoizuia maana ya dhahiri. Ukisikia kwamba simba amepanda mimbari na kuhutubu, mimbari ndiyo karina. Hapana budi simba awe mtu shujaa. Kinaya ni jambo jingine. (Vitabu vya shule vimelipa neno hili maana ya kejeli, hapa linatumika kwa maana yake ya kale.) Katika kinaya maana ya ndani ndiyo ikusudiwayo, na maana ya dhahiri haikatazwi kuwa kweli. Mfano wao mashuhuri ni mtu aliyesifiwa kwa wingi wa majivu: maana yake ni mkarimu, apikiaye wageni wengi, na majivu yanaweza kuwapo kweli mekoni mwake.

Kwa mizani hiyo utenzi husomeka vizuri. Sayyid anapoiita dunia bahari iliyochafuka, hayo ni majazi. Dunia haiwi bahari, na hakuna nahodha atakayeitafuta katika ramani. Anapowaweka makinda vidakani, hakuna karina inayomzuia ndege kuwa ndege. Paa la boriti likiporomoka, kidaka kilichokuwa cha sahani huwa makao mazuri ya kiota. Hicho ni kinaya: ndege yumo, na mauti yamo. Moyo unaoaswa hauambiwi kitu cha kubuni; unaambiwa utazame ukuta wa jirani. Anayemwondoa ndege ili ayabakishe mauti ameuondoa ushahidi ambao mtunzi aliuleta mbele ya moyo wake mkaidi.

Wachunguzi waliofika Pate katika karne ya 20 waliyakuta magofu yamezungukwa na mashamba ya tumbaku, miche ikichipua mlemle baina ya kuta za kumbi. Vidaka vingine vilikuwa bado vimesimama juu ya majani.