Ufa Niliouziba

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na bado nikajenga. Kisa hiki ni cha dari ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, na nakieleza kwa kuwa kosa langu ni kosa la wengi.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, aliyotuachia babu. Dari zake si laini. Ukilala chali unaziona boriti zimepangwa kama mbavu, na kati yake mawe yaliyopakwa chokaa, yenye vishimo na vinundu. Utotoni nilizihesabu boriti za chumba cha mama mpaka usingizi ukanichukua. Zilikuwa 19.

Dari za namna hii ndizo zilizoamua umbo la nyumba za kale za pwani. Boriti ni mti wa mkoko, uliokatwa Rufiji na Lamu, na kwa kawaida hauvuki upana wa mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba. Majahazi yaliyorudi Uarabuni na Ghuba kwa upepo wa kusi yalibeba boriti hizo hizo, hata vyumba vya huko vikapimwa kwa mti wa kwetu. Juu ya boriti waashi walipanga mawe ya matumbawe, wakamimina kokoto na chokaa, kisha wakaitwanga kwa magongo hadi ikashikamana.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mji zilitaifishwa na kugawiwa familia nyingi. Kila mtu alikaa chini ya dari, lakini wachache walijiona wenye paa. Yetu ilibaki mikononi mwetu, nasi tukaisahau vile vile. Kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilipopita, doa likatokea juu ya kitanda cha mama, kisha ufa. Nikaita fundi, akapiga saruji juu ya paa na chini ya dari. Ikang'aa, nami nikajisifu.

Masika ya mwaka 2000, alfajiri moja, pande la dari lenye uzito wa mtoto lilianguka juu ya mto wa mama. Yeye alikuwa ameamka kutia udhu.

Safari hii nikamtafuta mwashi mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaomba ngazi na ufunguo. Akagonga ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Nyingine zililia, nyingine zikatoa sauti ya kibuyu kilichooza.

"Hizi hazikufa kwa maji, mwanangu," aliniambia. "Zimekufa kwa kufungiwa maji."

Akanieleza kwamba chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena, lakini saruji huufungia. Maji yaliyopenya paa hayakupata pa kutokea, yakatambaa ndani hadi kwenye ncha za miti, yakaiozesha gizani. Ule mng'ao niliojisifia ulikuwa kifuniko tu.

Ndugu zangu walitaka tubomoe tumwage zege. Mama akauliza, "Zege litakaa, lakini kuta je?" Kuta za matumbawe na chokaa hazikujengwa kubeba uzito ule. Tukang'oa saruji yote, tukabadilisha boriti 7, tukarudi kwenye chokaa. Fedha zilikuja kidogo kidogo, kazi ikachukua miaka mitatu. Mama alilala chini, chumba cha wageni, na huko ndiko alikofariki. Dari yake mpya hakuiona.

Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka ule ule wa 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Niliposikia habari ile nilikumbuka mto wa mama.

Wahenga hawakukosea. Walichokiacha ni kutuambia ufa uzibwe kwa nini, nasi tulipaswa kuuliza. Kila masika yakiisha mimi hupanda ngazi na ufunguo mkononi, nikagonga zile ncha moja moja, nikasikiliza.